Dakika Sitini za Asembo

Mama yangu alimchunguza mume wangu vizuri kabla ya kupokea ng'ombe wake. Aliuliza ukoo, akauliza dhehebu, akauliza kama anakunywa na akishakunywa hufanya nini. Hakuna mtu aliyefikiria kuuliza kama anapenda kutazama mandhari. Na alikuwa mwalimu wa jiografia, tungeshtuka mapema.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nipe kiti, chai, na mlango ulio wazi ili nione nani anapita na amevaa nini, nami nimeshasafiri vya kutosha. Nikiwa kidato cha tatu darasa letu lilipelekwa Hippo Point kuona viboko, nikajitolea kubaki kwenye basi nilinde mikoba. Wenzangu walirudi na matope hadi magotini wakisema viboko hawakutokea. Sijawahi kujiona mwerevu kama siku ile.

Basi nikaolewa na mtu asiyeweza kuona kilima bila kutaka kujua upande wa pili kuna nini. Nilimwambia mara nyingi kwamba upande wa pili kuna watu wanaojiuliza upande huu kuna nini. Hakusikia. Mwishoni mwa miaka ya themanini akapata mkataba wa kufundisha Botswana, nasi tukawa wataalamu wa kigeni. Mpaka siku hiyo nilidhani wataalamu wa kigeni ni wale Wazungu wa Milimani pale Kisumu, wenye mbwa wanaokula nyama kila siku na watoto wanaotembea peku kwa kupenda kwao. Kumbe hata msichana wa Asembo anaweza kuwa mtaalamu wa kigeni, mradi apelekwe mbali vya kutosha. Utaalamu wangu ulikuwa wa kupanga chakula kwenye kikapu. Kila shule ilipofungwa, kila Jumatatu ya sikukuu, Mwalimu alitupakia kwenye gari, mimi na msichana wetu na mvulana wetu, akatupeleka kutazama kitu.

Tuliwatazama ndovu wa Chobe mpaka nikaanza kuwatambua kwa matako. Tulipelekwa kwenye Maporomoko ya Victoria, upande wa Zimbabwe, tukalowa mpaka nguo za ndani, na mikate ikalowa, na chumvi ikalowa. Mwalimu alipaza sauti juu ya ule mngurumo akitusomesha habari za miamba.

"Na maji yakishaanguka?" nikamwuliza.

"Yanaendelea na safari."

"Basi tuyaige. Tuendelee nyumbani."

Lakini iliyonimaliza kabisa ilikuwa ile tambarare ya chumvi. Tuliendesha siku nzima, watoto nyuma wakipigana kwa zamu, kwenda kuona mahali ambapo hapana kitu. Sitii chumvi. Hapakuwa na mti, hapakuwa na jiwe, hapakuwa na mbuzi. Mwalimu alishuka, akanyoosha mikono kama mhubiri, akageuka kunitazama uso ukiwa unang'aa.

"Unaona, Nyar Asembo? Hakuna kitu!"

Hivyo ndivyo anavyoniita, na ndivyo wakwe zangu wote wanavyoniita, binti wa Asembo, kwa maana kwetu mke hubaki na jina la alikotoka hata akizeeka ugenini.

"Naona, Baba watoto," nikasema. "Naona kabisa."

Kila baada ya miaka mitatu mkataba ulitupa likizo ya wiki nne nyumbani. Mtu angefikiri kwamba mwanamume aliyetoka kwao atarudi kwao akae. Wapi! Mwalimu aligundua kwamba Kenya nayo ina mandhari. Likizo ya kwanza tulitazama Kenya mpaka ikaisha, na mama yangu, anayeishi Asembo Bay peke yake tangu baba afariki, akapata siku mbili. Alituaga akiwa ameshika mlango, akasema hakuna neno, ameshatuzoea.

Ya pili ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na miezi mitatu kabla yake ikaja barua. Mama hakusoma, barua zake huandikwa na mwalimu wa shule ya Jumapili, ambaye hutumia ukurasa mzima kwa salamu. Nilipozivuka salamu nikayakuta maneno ambayo yalikuwa ya mama mwenyewe, nilisikia mpaka sauti: "Jicho la kushoto limefunga duka. La kulia linafungua asubuhi tu. Jua likipanda, kila kitu kinakuwa maziwa. Leta watoto niwaone kabla hili nalo halijafunga. Yule mdogo sijui hata sura yake. Nilimwona angali mchanga, na wachanga wote wanafanana."

Niliisoma kwa sauti mezani. Mwalimu alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, kwa sababu si mtu mbaya, jambo ambalo limenichosha zaidi ya kama angekuwa mbaya. Akasema tutalishughulikia. Jioni ya pili akaleta daftari la ratiba. Alikuwa amelipigia mistari kwa rula. Siku ya kwanza mpaka ya tatu, kusalimia kwao, Nyakach. Kisha mapango, visima, vilima, ngome ya mawe ya zamani, vyote na saa zake. Nikashuka na kidole mpaka siku ya kumi na tisa: *Ziwa kwa meli. Kisumu, Asembo Bay, Kisumu. Kusimama Asembo: dakika sitini.*

"Dakika sitini za nini?" nikauliza.

"Za mama. Meli husimama pale ikipakua mizigo. Unapanda kilima na watoto mpaka nyumbani kwenu, anawaona, mnashuka."

"Anawaona, tunashuka. Kama wanyama wa mbugani."

"Nyar Asembo, usianze."

"Na wewe utakuwa wapi?"

Akaweka kalamu chini. "Mimi ni mkwe. Unajua siwezi kutokea kwa mama mkwe hivihivi kama mchuuzi wa sabuni. Lazima nitangulize neno, nije na wazee, nivae koti. Heshima ni heshima. Nitabaki melini."

Ni kweli kwetu mkwe hajitokezi ovyo. Yeye na mama ya mkewe hawashikani mikono, hawali pamoja, wakikutana njiani kila mmoja hupata kitu cha kutazama kwenye majani. Lakini huyu mtu alikuwa amevuka mipaka ya nchi nne bila kumpigia mtu hodi. Leo ghafla amekuwa mlinzi wa mila! Na mlinzi huyo alikuwa ameshanunua filamu tatu za kamera kwa ajili ya hiyo meli.

Mtaniuliza kwa nini sikupanda basi mwenyewe siku tuliyotua. Jibu nililowapa watu ni kwamba mke aliyetoka ng'ambo hawezi kukimbilia kwao kabla hajakaa kwa mumewe. Jibu la kweli ni kwamba mimi siendi mahali mpaka nisukumwe. Nililalamika, hilo naliweza. Kupanga begi na kutoka, hapana.

Basi tukafika nyumbani, na ratiba ikakutana na nchi yake. Mwalimu alikuwa amesahau kitu kimoja ambacho hakuna rula inayoweza kukipigia mstari: Botswana hatukuwa na jamaa. Ukitaka kutazama ndovu unaenda unatazama, ndovu hakuulizi mbona hukuingia. Huku, kila kilima alichotaka kukitazama kilikuwa nyuma ya nyumba ya shangazi.

Siku tuliyokwenda kuona maporomoko ya mto Sondu, aliandika *nusu saa*. Tulikuwa na Peugeot ya kuazima. Kabla hata hatujaingia Sondu yenyewe, mwanamke mmoja akasimama katikati ya barabara na jembe, mikono imenyooshwa, gari likapiga breki. Alikuwa shangazi yake mdogo.

"Unapita?" akasema. "Umetoka nchi ya Waswana, na unapita?"

"Shangazi, tunakwenda tu kuona maji, tukirudi..."

"Maji yalikuwepo jana na kesho yatakuwepo. Mimi je, unajua kama nitakuwepo?"

Tukala kuku. Tulipotoka, habari ilikuwa imeshatutangulia, na shangazi mkubwa alikuwa amesimama barabarani bila jembe, hakuwa na haja nalo. Kama tumekula kwa mdogo, tutawezaje kutokula kwake? Tukala kuku. Kwa mke wa marehemu ami yake tukala samaki, na yule akalia kidogo kwanza, hivyo hatukuweza hata kula haraka. Nyumba ya nne sikumbuki tulikula nini, nakumbuka tu nilikuwa nikipumulia mdomoni na mvulana amelala kwenye kochi na kipande cha ugali mkononi. Jua lilizama tukiwa pale. Maporomoko ya Sondu sijayaona mpaka leo, na sioni kama yamenipungukia.

Nilikuwa nikicheka njia nzima kurudi, Mungu anisamehe. Kisha nikaacha. Kwa sababu Mwalimu, alivyo, usiku uleule alichukua kalamu akasogeza kila kitu siku mbili mbele, na siku ya meli ikawa ya ishirini na moja, kisha kwa ajili ya mjomba fulani ikawa ya ishirini na nne. Tulikuwa tukiondoka ya ishirini na nane. Na mwanamke mmoja anayeleta samaki mjini kutoka Asembo akaniletea neno la mdomo: "Mama yako anasema hiyo asubuhi nayo inafupika. Siku hizi anaona mpaka saa tatu tu. Mje mapema."

"Meli inafika Asembo saa ngapi?" nilimwuliza Mwalimu.

Akafungua daftari. "Saa sita na robo."

"Saa sita ni maziwa."

"Maziwa?"

"Mama atakuwa haoni kitu! Utawapeleka watoto mbele ya mtu asiyeona, kwa dakika sitini, halafu utaandika tumemwona?"

"Ratiba ya meli sikuipanga mimi," akasema, kwa upole, kama mtu anayemfafanulia mwanafunzi wa nyuma kabisa. "Lakini tutakuwa tumefika."

Siku ya ishirini na nne tukapanda meli. Nitasema haki: asubuhi ziwa lilikuwa zuri. Sikulitazama sana. Nilikaa kwenye benchi nikiwa nimekumbatia kikapu cha mama, sukari, majani ya chai, kitambaa cha gauni, na nikahesabu jua linavyopanda. Mwalimu alikuwa kila upande wa meli kwa wakati mmoja. Msichana wetu, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja na ulimi wangu, alinigusa bega.

"Mama, Baba anapiga picha maji."

"Mwache. Yana upande wake mzuri."

Tulipokaribia Asembo nikasimama, kwa sababu nilianza kuona kwetu. Niliona gati. Niliona miti ya soko, na juu yake ule mteremko, na bati la mama linalometa. Kisha nikaona kwamba kati yetu na gati hapakuwa na maji. Kulikuwa na shamba. Kijani kibichi, na maua ya zambarau juu yake, kutoka ukingo mpaka ukingo.

Gugumaji. Miaka ile lilikuwa limelivamia ziwa, na siku hiyo upepo ulikuwa umelikusanya lote na kulisukuma kwenye ghuba yetu kama mtu anayefagia uchafu chini ya kitanda. Meli ikaingia kidogo, ikakoroma, ikatoa moshi, ikarudi nyuma. Ikajaribu tena. Kapteni akazima injini, akatangaza kwamba tutangoja upepo ugeuke.

Tulingoja. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Wanawake wa biashara walimwuliza kapteni kama amewahi kufika mahali popote maishani mwake. Mwalimu alikuja mbio, jasho linamtoka, furaha tupu.

"Nyar Asembo! Umeona hili jambo? Hii ni historia! Hili gugu limetoka Amerika ya Kusini, unajua? Limesafiri!"

"Limesafiri," nikasema, "na bado limefika kwa mama yangu kabla yetu."

Saa nane kapteni akatangaza kwamba tunarudi Kisumu.

Wakati huo mitumbwi miwili mitatu ilikuwa imejipenyeza mpaka ubavuni mwa meli, watu wakiisukuma kwa pondo, kuja kuchukua wasio na mizigo mizito. Mabaharia wakateremsha ngazi. Nikaitazama ile ngazi. Nikatazama lile bati mlimani. Mimi, niliyelinda mikoba kwenye basi, nikamwambia msichana ashike mkono wa mdogo wake, nikavua viatu, nikavitia kwenye kikapu.

"Unafanya nini?" Mwalimu aliuliza.

"Nashuka."

"Kwenye hicho kitu? Na mtarudije?"

"Kwa basi. Kama watu."

"Lakini mama haoni saa hizi! Umesema mwenyewe ni maziwa!"

"Basi tutalala mpaka yawe maji."

"Nyar Asembo, ndege ni Ijumaa!"

Nilikuwa nimeshaanza kushuka kinyumenyume, na mtu anayeshuka ngazi kinyumenyume akiwa na mwili kama wangu hana nafasi ya kujibu. Mwenye mtumbwi, mtu mzima mwenye kofia ya kanisani, alinipokea kwa maneno.

"Mama, usikanyage pembeni. Kanyaga katikati, kwa nguvu, kama unamkanyaga wifi yako."

Nikakanyaga. Mtumbwi ukayumba, nikapiga kelele, meli nzima ikacheka. Watoto wangu walicheka kuliko wote. Tukaanza kusukumwa ndani ya majani, yakisuguana na mbao, wadudu wakirukia mapajani mwetu, nami nikisali kwa lugha zote tatu kwa ajili ya nyoka ambao nilijua wamo.

"Yule nani anayetupiga picha kutoka juu?" aliuliza mwenye mtumbwi.

"Simjui," nikasema.

"Ni Baba!" mvulana akapaza sauti, akampungia mkono.

Tulitumia zaidi ya saa nzima kuvuka mahali ambapo mtu angeogelea kwa dakika kumi. Tukapanda mteremko tukiwa na matope mpaka kiunoni. Mama alikuwa amekaa mlangoni amevaa gauni lake la kanisani. Alikuwa amelivaa tangu alfajiri. Alisikia nyayo, akainua uso, akautupa kidogo pembeni yetu.

"Ni ninyi?"

"Ni sisi, Mama."

Akaweka mikono kwenye nyuso za watoto, mmoja baada ya mwingine, taratibu, masikio, pua, kidevu. Kisha akatabasamu na kusema kwa sauti kubwa, "Nimewaona. Msichana amekuwa mrefu. Na huyu kijana, amependeza na shati lake la buluu."

Shati la mvulana lilikuwa jekundu. Mvulana akafungua mdomo kusahihisha. Nilimfinya shingoni akaufunga. Mama akaendelea kutabasamu, na mimi nikaingia jikoni kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri bila mimi.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya jua nikawapanga watoto uani. Mama alitoka, akawakaribia mpaka pua zikagusana, akageuza kichwa hivi na hivi kama kuku anayechunguza punje. "Kesho tutajaribu tena," akasema. "Leo kuna ukungu." Hapakuwa na ukungu.

Kuna kliniki ya macho Kisumu, kila mtu alijua, na kila mtu aliyekwenda alirudi na habari zake. Ugonjwa wenyewe una jina, mtoto wa jicho, na hutolewa. Mama hakuwahi kwenda kwa sababu hakuna wa kumpeleka, na mimi, mwenye kumpeleka, nilikuwa kwenye chumvi nikitazama hakuna kitu.

Adhuhuri Mwalimu akatokea. Hakuingia. Alikuja kwa basi mpaka sokoni, akapanda mlima, akasimama barabarani nje ya ua wa michongoma, akakohoa. Mama alikuwa ndani, hatua kumi kutoka kwake, dirisha wazi. Kwa mila, hakuna aliyekuwepo.

"Nyar Asembo," akanong'ona mpaka kijiji kizima kikasikia. "Jiandaeni. Ndege ni Ijumaa, zimebaki siku tatu."

"Siendi," nikasema kutoka upande wangu wa michongoma. "Nampeleka mama hospitali."

"Sawa, sikatai. Basi wewe baki, mimi niondoke na watoto. Shule inafungua."

Sauti ya mama ikatoka dirishani, ikinielekea mimi. "Mwanangu, kuna mtu barabarani?"

"Kuna mtu, Mama."

"Mwulize huyo mtu: nikishafunguliwa jicho, nitamtazama nani? Ng'ombe wake?"

Mwalimu akatazama majani. "Mwambie mama," akaniambia, "kwamba nimesikia."

"Mwambie kusikia nasikia hata mimi. Mwambie nataka kuona."

Nilimwona kupitia miiba akifungua daftari lile, akitafuta siku ya ishirini na nane, akilifunga. Nilijua anachohesabu: mwalimu mkuu atasemaje, tiketi zitabadilishwaje, watoto watakosa wiki ngapi. Nilikuwa tayari kwa hotuba. Hakuitoa.

"Mwambie watoto watabaki," akasema. "Nitaandika barua shuleni. Nitasema kuna jambo la familia." Kisha akanong'ona kweli, mara hii nikasikia mimi peke yangu, "Na mimi nitakula nini mwezi mzima?"

"Tazama mandhari," nikamwambia. Lakini nilipitisha mkono kwenye michongoma nikamshika vidole, na nikakwaruzwa mpaka kiwiko.

Kliniki ilituweka kwenye foleni siku tisa. Walilifanya jicho la kulia kwanza. Siku ya kufungua bendeji muuguzi aliwaruhusu watoto kuingia, wakasimama ukutani kama washtakiwa. Mama alipepesa, akafuta machozi, muuguzi akamvalisha miwani minene ya kazi ile. Akatazama mikono yake. Akamtazama muuguzi. Kisha akawatazama watoto, muda mrefu, bila kuwagusa.

"Huyu ana kichwa cha baba yake," akasema kuhusu mvulana. "Pole, kijana. Kitakaa sawa mwili ukikua." Msichana akaangua kicheko. "Na wewe una meno yangu, basi yafunge usiyamalize." Ndipo akanigeukia mimi.

"Umezeeka," akasema.

"Asante, Mama."

"Sikulaumu. Nimesema ninachoona."

Tulipotoka nilikuwa nimeshapanga kila kitu. Basi la Asembo saa saba, nyumbani kabla ya jioni, miguu juu ya kiti. Sijawahi kutamani kiti kama siku ile.

"Basi liende," alisema mama, amesimama langoni na miwani yake, kichwa kinazunguka kama cha bundi. "Soko la Kibuye liko upande gani?"

"Mama, daktari amesema upumzike."

"Nimepumzika miaka mitatu nikihadithiwa. Twende."

Tukaenda. Alitembea mbele na watoto, mmoja kila mkono, mimi nyuma na begi la nguo, begi la dawa na blanketi la kulalia wodini, ambalo alikataa kuliacha kwa kuwa alikuja nalo. Alisimama kwenye kila kibanda. Alitaka kujua rangi za mabeseni zinaitwaje siku hizi. Aliinua makoti ya mitumba moja moja, akauliza ni nani aliyekufa huko Ulaya na kuacha koti zima hivi. Jua lilikuwa utosini. Nikamwambia saa saba inakaribia. Nikamwambia saa saba imepita. Kwenye samaki aliinama mpaka miwani ikakaribia kugusa magamba.

"Huyu ni wa juzi," akamwambia mwuzaji. "Tazama jicho lake, limeingia ndani."

"Eh, mama! Una jicho kali!"

"Ni jipya," akasema mama.

Nikamwuliza kama amechoka, kwa sauti ya mtu anayeomba ajibiwe ndiyo. Hakugeuka. Alikuwa ameshamshika mvulana bega, na msichana alikuwa akimwonyesha kwa kidole kitu fulani kule mbele, kule mbali, mwisho kabisa wa soko.